Nshomile: Neno Lililokwenda Bara Likarejea Pwani

Katika baraza niliyolelewa palikuwa na neno moja lililotosha kumnyamazisha mtu yeyote aliyejitia ujuzi. Akichomeka neno la Kiingereza katikati ya mazungumzo, au akianza kauli yake kwa kutaja kitabu alichokisoma, mmoja wetu humkatiza: "Ewe nshomile, hebu tupishe!" Baraza zima likaangua kicheko, na hoja ya yule bwana, hata ingekuwa na ukweli kiasi gani, ikafa papo hapo. Sisi tuliokuwa tukicheka hatukuijua lugha neno lilikotoka. Tulijua tu kwamba kuna watu waitwao Wahaya, kwao ni Bukoba, huko ng'ambo ya Ziwa Viktoria, na kwamba, kama tulivyoambiwa, watu hao hujivunia kisomo. Habari hiyo ilitutosha.

Leo nataka kulirudia neno hilo kwa adabu zaidi. Nimelifuata mpaka kwao, na njiani nimegundua jambo ambalo laiti tungalilijua siku zile, kicheko chetu kingalipungua sauti. Neno tulilowachekea watu wa bara, shina lake lilitoka kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitafsiri vipande vya simulizi za Kihaya, nikakwama kwenye maneno ambayo kamusi haikunisaidia. Nikapelekwa Maruku, mwendo mfupi wa gari kutoka mji wa Bukoba, nikakae na mzee mmoja aliyesifiwa kwa kuijua lugha ya kale. Maruku ni pahala pa migomba. Nyumba imezungukwa na migomba, chini ya migomba ipo mibuni, na shamba hilo lote, pamoja na makaburi ya wazee waliotangulia, huitwa kibanja. Kipo pia kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, ambako wataalamu huichunguza migomba na maradhi yake. Mwenyeji wangu alinikaribisha kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna, ambazo wao huziita amwani. Nikamwambia kwamba kwetu visiwani mwani ni jani la baharini, na wanawake hulilima pwani. Akacheka sana. Basi mimi, kwa kuona uchangamfu ule, nikajasiri mzaha wa barazani: "Na wewe mzee wangu, bila shaka ni nshomile?"

Kicheko kikakatika. Akanitazama, kisha akajibu kwa Kihaya neno moja: "Tinshomile." Sikusoma.

Nitarejea kwenye jibu hilo. Kwanza tulifungue neno lenyewe, kwani wapenzi wa mashairi watakuta ndani yake kitu wanachokifahamu.

Nshomile si jina. Ni sentensi kamili iliyobanwa ndani ya neno moja, kama ilivyo kawaida ya lugha zetu za Kibantu. N- mwanzoni ni "mimi". -Shom- ni mzizi wa kitendo cha kusoma. -Ile mwishoni huonyesha kwamba tendo limekwisha kutendeka. Kwa hiyo maana yake ni "nimesoma", na kwa upana wake "mimi ni mtu niliyesoma". Jirani zao Wanyankore wa Uganda hulisema neno lilo hilo kwa r: nshomire.

Sasa msomaji mpenzi, itazame ile -ile ya mwisho. Je, ni ngeni kwako? Fungua tenzi kongwe za Amu na Pate utaikuta imejaa tele. Malenga wa zamani hawakusema "nimekuja", walisema nijile. Hawakusema "wamelala", walisema walele. Hawakusema "nimeona", walisema mbwene. Maumbo haya yote ni ya nyakati iliyopita timilifu, nayo ni ndugu wa damu wa hiyo -ile ya Kihaya. Kiswahili cha sasa kimeiacha na kushika -me-, na iliyobaki imehifadhiwa katika ushairi kama kito cha bibi kilichofungiwa kashani. Mhaya huamka nacho kila asubuhi. Anapomjulia hali mwenziwe kwa kusema "Olailota?", yaani umelalaje, kitenzi alichokitamka kimeundwa kwa namna ile ile iliyounda walele wa washairi wetu. Umbo tunalolitafuta katika miswada ya hati za Kiarabu, mama wa Maruku hulitumia akimwamsha mwanawe.

Hiyo ni sarufi ya neno. Tuje kwenye mzizi.

Kwetu pwani kitenzi kusoma ni bahari. Maana yake ya mwanzo, kabla ya magazeti na riwaya, ilikuwa ni kuitoa sauti ya maandishi, khasa maandishi matukufu. Mtoto alipelekwa chuoni kusoma Kurani, na neno chuo lenyewe zamani lilikuwa na maana ya kitabu. Maulidi husomwa. Hitima husomwa. Mgonjwa husomewa, na huko kumsomea huitwa kisomo. Mwari alipofika umri wake alikabidhiwa somo, mwanamke mzima wa kumfunda, na mtu uliyefanana naye jina, au rafiki uliyemchagua kwa siri zako, naye humwita somo. La kuzingatia ni hili: kitabu tulikichukua kutoka Kiarabu, na kalamu, na karatasi, na herufi. Lakini kitendo chenyewe hatukukiazima huko. Mwarabu husema qara'a. Sisi tulisema soma, tukabaki nalo.

Neno hili likasafiri. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani ilipanda bara kupitia Unyanyembe, ikafika Karagwe, upande wa kusini na magharibi ya nchi ya Wahaya. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1861, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuijua njia hiyo, na huko Kafuro palikuwa na kituo chao. Wengine walikuwa wamekwisha kusonga mbele hadi Buganda, tangu enzi za Kabaka Suna katika miaka ya 1840. Walipeleka nguo, bunduki na shanga, wakarejea na pembe, na aibu yetu tusiifiche, walirejea pia na watumwa. Pamoja na bidhaa hizo walipeleka Kurani na namna ya kuisoma. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijifunza kusoma, na kuanzia mwaka 1867 hivi alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi.

Wamisionari wa Kiingereza walipowasili Buganda mwaka 1877, na wenzao wa Kifaransa mwaka 1879, walikuta kazi ya lugha imekwisha kuanzwa na watu wa pwani. Tafsiri za Biblia walizoanza kuzifundishia hazikuwa za Kiganda. Zilikuwa za Kiswahili, zile ambazo Askofu Edward Steere alizishughulikia hapa Unguja. Kijana wa jumba la Kabaka aliyetaka kuijua dini mpya alipaswa kwanza kuzikabili herufi kwa lugha ya kisiwani. Ndipo Waganda wakawa na okusoma, na maana yake ikawa mbili kwa mpigo: kusoma maandishi na kuabudu Mungu. Waumini wa dini mpya, Waislamu na Wakristo, wakaitwa abasomi, yaani wasomaji. Hapakuwa na tofauti kati ya kuongoka na kujua herufi.

Kutoka Buganda njia ya kushukia kusini ilikuwa fupi. Vita vya dini vya huko viliwatawanya wasomaji, wengine wakaingia Kiziba, na mwaka 1892 Mapadri Weupe wakafungua misheni Kashozi, karibu na Bukoba. Waprotestanti wa kwanza wa Uhaya nao walizoea vitabu vya Kiganda kabla ya wamisionari wa Kilutheri kutoka Bethel, Ujerumani, kufika mwaka 1910. Neno lilipoingia katika kinywa cha Mhaya likageuka kidogo, kwa kuwa mara nyingi pale Mganda asemapo s, Mhaya husema sh. Kuomba kwa Mganda ni okusaba, kwa Mhaya ni okushaba. Vivyo hivyo okusoma ikawa okushoma. Likazaa na jina la pahala: ishomero, nyumba ya kusomea.

Hapa naomba tusimame kidogo. Watu wa Tanganyika walipopata elimu ya kikoloni wakaita nyumba yake shule, neno walilolipata kwa Mjerumani. Sisi Wazanzibari tukaiita skuli, tukilichukua kutoka kwa Mwingereza. Mhaya akaiita ishomero. Katika sote watatu, ni yeye wa mbali aliyeijenga nyumba hiyo kwa mzizi uliotoka pwani. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Soma ilikwenda omo, na sisi wa ngamani hatukuitambua iliporudi.

Yalirudije basi, tena katika vazi la kejeli? Jibu halihitaji uchawi. Uhaya ulikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni misheni za madhehebu mawili zilizoshindana, kila moja ikitaka kuwa na madarasa mengi kuliko mwenziwe. La pili ni kahawa. Mibuni ilikuwa ya asili kwao, lakini biashara ya kahawa chini ya wakoloni ilimpa mkulima wa kawaida fedha mkononi, na sehemu ya fedha hiyo ikageuka ada ya mtoto. Matokeo yake yalionekana baada ya kizazi kimoja au viwili. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa, mwana wa Uhaya, akawa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali. Mwaka 1977 Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia. Chini ya vilele hivyo walikuwapo walimu, makarani, matabibu na mahakimu waliotawanywa nchi nzima na serikali. Mtu wa Lindi au wa Tanga aliyeingia ofisini kutafuta muhuri, aghalabu alimkuta Mhaya mbele ya meza. Wawili wakisemezana kwao, neno nshomile husikika. Na asiyejua lugha hushika lile linalojirudia.

Hivi ndivyo majina mengi ya utani yazaliwavyo, wala si kwetu tu. Wafaransa wa karne ya 15, zama za Jeanne d'Arc, waliwaita askari wa Kiingereza godons. Husimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na kiapo kifupi cha mtaani, goddam, ambacho Waingereza hawakuweza kumaliza sentensi bila kukitamka. Jirani hukunyang'anya neno moja kinywani, akakuvisha, nawe ukalazimika kulivaa. Wagiriki wa kale waliwasikia wageni kama watu wanaobwabwaja bar-bar, wakawaita barbaroi, na jina likabaki hadi leo katika lugha za Ulaya likiwa tusi.

Katika safari ya kurudi, nshomile ikaota maana mpya. Kwanza ilimaanisha Mhaya, awe na cheti au asiwe nacho. Kisha ikamfuata yeyote ajitapaye kwa elimu, hata kama ni mzaliwa wa Makunduchi. Baadaye ikawa tabia: ya kuchanganya Kiingereza, ya kusahihisha wenzio, ya kutaja shahada pasipoulizwa. Wahaya wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaolivaa kama kanzu ya sikukuu, wakajiita akina nshomile kwa fahari. Wapo wanaotabasamu mbele ya watu na kuumia pembeni. Na wapo walio kama mwenyeji wangu wa Maruku.

Turejee kwake. Alinieleza, bila hasira, kwamba alikwenda Dar es Salaam kijana katika miaka ya 1960, akabeba mizigo bandarini. Kwa kuwa lafudhi yake ilimtangaza kwao, wenziwe walimwita nshomile tangu siku ya kwanza. "Waliniita msomi," alisema, "nami kila mwisho wa wiki nikipokea mshahara, natia dole gumba kwenye wino." Walimletea barua zao awasomee, wakidhani akikataa anaringa. Alikuwa akikataa kwa sababu hakujua a wala be. Baba yake alikuwa na watoto wengi na mibuni michache, na ada ilimfikia kaka yake mkubwa peke yake.

Hilo ndilo jambo ambalo baraza yetu haikulifikiri. Jina la utani halikubali kuhesabu watu mmoja mmoja. Likisema kabila fulani wamesoma, limemfuta asiyesoma. Limemnyima hata haki ya kusema kwamba hakupata.

Alirudi Maruku mikono mitupu. Wakati huo mikoa ya ziwa ilikuwa na mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, ulioendeshwa kati ya mwaka 1968 na 1972, na vitabu vyake vya kusomea viliandikwa juu ya kazi za watu wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi. Kisha ikaja kampeni ya taifa zima, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mzee wangu akaketi jioni kwenye benchi la watoto, akajifunza herufi kupitia mgomba. Neno la kwanza alilolisoma bila kusaidiwa lilikuwa ndizi.

"Siku ile," alisema, "nilirudi nyumbani usiku. Mke wangu alikuwa amekaa jikoni. Nikamwambia, nshomile. Sikumwambia mtu mwingine, mwanangu. Mjini walikuwa wameshalichezea neno hilo, nikaona wakinisikia watacheka."

Niliinamisha kichwa. Nikamwambia, "Waitu, mimi ni mmoja wa waliokuwa wakicheka." Waitu ni neno la heshima la Kihaya, na ndani yake mna "wetu".

Na mimi nilikuwa na deni langu jingine, ambalo wasomaji wa jarida hili la ushairi watalielewa kuliko yeye. Mimi sikufika skuli za juu. Arudhi nilijifunza barazani, na tafsiri nilijifunza kwa kamusi ya kuazima iliyokosa kurasa za mwanzo. Mtu wa namna yangu huwa na kidonda karibu na neno msomi, na huweza kukitibu kwa dharau. Katika miaka ya 1970 ulizuka ule ugomvi mkubwa wa ushairi wetu, kati ya walioshika vina na mizani na walioleta mashairi huru. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi mwaka 1974. Mhaya Mugyabuso Mulokozi na mwenziwe Kulikoyela Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976, miaka 5 baada ya Malenga wa Mvita ya Ustadh Ahmad Nassir. Ugomvi huo niliurithi ukiwa umekwisha kuzeeka, nami nikauchukua mzimamzima. Nilikuwa nikisema barazani: tangu lini bara ikawa na malenga? Hao ni wasomi tu, akina nshomile. Nilisema hivyo kwa miaka mingi, na kitabu chenyewe nilikuwa sijakifungua.

Nilipokifungua, nikiwa mtu mzima, sikukubaliana na kila nililolikuta. Hata leo shairi lisilo na kina hunipita sikioni kama mtu asiyebisha hodi. Lakini niliona kuwa watu wale walikuwa wameusoma ushairi wetu kwa bidii kuliko mimi niliyeutetea. Baadaye nikajua kwamba Mulokozi aliandika tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1986, juu ya tenzi za nanga za Wahaya. Hizo huimbwa na fundi huku akipiga nanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwenye ubao mfano wa chano, akisimulia vita na mapenzi ya watawala wa kale, usiku kucha. Kumbe bara ilikuwa na malenga kabla ya sisi kuuliza swali.

Nasi tusijifanye kwamba dhihaka huelekea upande mmoja tu. Jina letu pia tulipewa. Mswahili limetoka katika neno la Kiarabu la mwambao, na wageni walilitumia kabla sisi hatujalikubali. Panda bara leo umsikie mtu akisema "usiniletee Uswahili", akikusudia ujanja na maneno mengi yasiyo na kazi. Au akiita mtaa uliosongamana "Uswahilini". Sisi husononeka tukisikia hayo, tukasema hawatujui. Ni kweli, hawatujui. Na mizani tunayotaka tupimiwe, ndiyo tuwapimie wengine.

Sisemi neno lifutwe. Maneno hayafutwi kwa tangazo, na utani wa makabila umewafaa Watanzania katika misiba na arusi. Mhaya na mtu wa pwani wakitaniana kwa kujuana, hapo pana undugu. Ninachokiomba ni kwamba tukilitamka, tulitamke tukiwa tunajua tumeshika nini mkononi. Tumeshika mzizi wa chuoni kwetu, uliopitia jumba la Mutesa, na -ile ya malenga wa Amu, iliyotunzwa na watu wa migombani tulipokuwa sisi tumeisahau.

Siku ya kuondoka Maruku nilimwonyesha mwenyeji wangu rasimu ya tafsiri yangu. Akavaa miwani, akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari, midomo ikitikisika kama ya mtoto wa chuoni. Akanisahihisha maneno mawili. Alipomaliza akavua miwani, akanirudishia karatasi, akasema kwa sauti, mbele ya wajukuu wake: "Nshomile."

Hakuna aliyecheka.